Geji za kuongeza kwenye Saab 900 Turbo ya mwaka 1987

Swali
Ndugu zangu, nimenunua Saab 900 Turbo ya mwaka 1987, yenye injini ya lita 2 na valvu 16, na ninatamani kuiongezea nguvu. Geji ya presha ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) iliyotoka nayo kiwandani inaonyesha rangi tu, bila tarakimu. Je, nianze na geji zipi?

Jibu la kwanza
Hongera, ndugu. Anza na geji ya presha ya oili, kwa sababu mhimili wa turbo huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili, na presha hiyo ikishuka, beringi zake zinaweza kuharibika kabla hujasikia sauti yoyote. Kisha weka geji ya turbo yenye tarakimu, na mpira wake uunge kwenye manifoldi ya kuingizia hewa.

Jibu la pili
Naafiki, ila usipandishe presha ya turbo kwanza. Mfumo wa APC, yaani kidhibiti cha presha ya turbo cha Saab, huhisi injini inapogonga (mafuta yanapolipuka vibaya ndani ya silinda) na kupunguza presha wenyewe, kwa hiyo hakikisha sensa yake ni nzima. Tena giaboksi, ambayo katika gari hili imekaa chini ya injini, huumia mapema nguvu zikizidi.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nitaanza na ya oili.