Baba kaambiwa apunguze chumvi, aongeze potasiamu. Jikoni naanzia wapi?

BintiPangani:
Wakuu, habari za jioni. Baba yuko kwangu hapa Tanga tangu presha impande. Anameza losartan, na kliniki wakasema apunguze chumvi, ale vyenye potasiamu. Basi, wakamwita mgonjwa mwingine. Mezani chumvi siweki kabisa, ila presha bado iko juu. Chakula chake ni maharage ya nazi, kisamvu, mchicha, ugali, mkate na chai asubuhi, na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, hiyo haachi. Dukani nimeona chumvi iliyoandikwa ina potasiamu, bei yake imechangamka kweli. Nimchukulie?

MzeeWaKibanda:
Babu zetu walikula ng'onda mpaka wakazeeka nayo. Mpe madafu kwa wingi, presha itashuka yenyewe.

NesiMstaafu:
Binti, hiyo chumvi iache dukani kwanza. Si kwamba ni mbaya. China waliijaribu kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000. Nusu ya vijiji walipikia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, na majibu yalipotoka 2021, kwao kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14. Mwaka 2025 WHO nao wakaipendekeza kwa matumizi ya nyumbani, ila wakawatoa wenye figo mbovu, wajawazito na watoto.

Sasa baba yako yuko kwenye losartan, dawa ambayo hupunguza potasiamu inayotoka kwa mkojo. Figo zikiwa zimechoka, potasiamu inajaa kwenye damu na moyo unaweza kwenda mrama ghafla. Apimwe kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu kwanza, damu inatolewa mara moja tu. Na wewe Mzee, madafu hayo ni potasiamu vilevile, usimgawie mtu ambaye figo zake huzijui.

Tuje jikoni. Kutwa nzima mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi, yaani kijiko cha chai kisicho na mlima, ambazo ni miligramu 2,000 za sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Potasiamu afikishe miligramu 3,510. Chumvi ya mezani sina wasiwasi nayo, umeshaiondoa. Niambie, kisamvu unatia magadi? Mchuzi unavunjia vidonge vya supu vingapi?

BintiPangani:
Magadi natia, shikamoo nesi. Maharage pia, gesi imepanda bei. Vidonge viwili kwa sufuria. Kwani magadi nayo ni chumvi?

NesiMstaafu:
Marahaba mwanangu. Ulimi hauisikii lakini sodiamu imo. Soda ya kupikia, ambayo ni ndugu yake, kijiko cha chai kimoja kina zaidi ya miligramu 1,200. Vidonge vya supu soma pakiti, chumvi utaikuta mwanzoni kabisa. Kwa hiyo sufuria moja hiyo ina magadi, vidonge, na chumvi unayotia mwenyewe, halafu pembeni kuna ng'onda.

Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva bila magadi. Kisamvu kitwange sana, kichemke vya kutosha, tui liingie mwishoni. Vidonge badilisha na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu. Ng'onda sikukatazi, maana najua mtagombana: iloweke tangu jioni, badilisha maji mara mbili, na mchuzi wake usitie chumvi hata chembe.

MpishiWaUjiji:
Na mchicha? Huku kwetu tunachemsha, tunakamua, maji tunamwaga.

NesiMstaafu:
Potasiamu mnaimwaga na hayo maji. Mwenye figo nzima aukaange kidogo kwa kitunguu na nyanya, usichemshwe. Viazi, ndizi za kupika na maharage navyo vina potasiamu nzuri, bila kununua chumvi ya bei. Ila Binti, majibu ya figo yakija mabaya, utafanya kinyume: utachemsha, utakamua, utamwaga. Ndiyo maana nasema vipimo vitangulie. Na losartan asiiache kwa sababu ya maneno yangu, dozi azungumze na daktari wake.

BintiPangani:
Jumatatu nampeleka. Kuhusu mchuzi wa ng'onda bila chumvi, nesi, njoo umwambie mwenyewe.