Naomba ushauri: ukinzani wa oksidi ya nikeli unatokana na msukumano wa elektroni au mvurugiko wa fuwele?

Mwalimu wa Chumbageni
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha fizikia hapa Tanga na ninaandika tasnifu ya uzamili. Nilikandamiza unga wa oksidi ya nikeli kuwa vidonge, nikavichoma katika hewa ya kawaida, kisha nikapima ukinzani wake nikivipoza kwa naitrojeni ya kimiminika niliyogawiwa na mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Kuanzia kelvini 300 kushuka hadi 190, ukinzani ulipanda mpaka megaohmu 20, na hapo mita yangu ikagota. Nikichora logi ya ukinzani dhidi ya halijoto yenye kipeo cha -1/4, kama mwanafizikia Mott alivyopendekeza mwaka 1968 kwa elektroni zinazorukaruka katika mata yenye mvurugiko, ninapata mstari ulionyooka. Nikitumia kipeo cha -1/2 cha wanafizikia Efros na Shklovskii, unanyooka vilevile. Msimamizi wangu anataka niandike kwamba nimethibitisha kihami cha Mott, yaani mata isiyopitisha umeme kwa sababu elektroni zake zinasukumana, nami ninasita. Niandike nini?

Fundi Raskazone
Shikamoo mwalimu. Kabla ya nadharia, tukitazame kidonge chenyewe. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na unga uliokandamizwa huvuta maji kwenye vitundu vyake, kwa hiyo sehemu ya mkondo huenda ilipita juu ya uso wa kidonge badala ya kupita ndani. Kikaushe kwa moto, kisha ukipime kikiwa kimefungiwa pamoja na dawa ya kufyonza unyevu. Megaohmu 20 ni kikomo cha mita, si cha oksidi: unganisha kidonge mfululizo na kikinza cha megaohmu 1 na betri ya volti 9, usome volti za kikinza hicho, nawe utaweza kufika gigaohmu 1 bila kununua chombo kipya. Geuza pia ncha za betri. Usomaji ukibadilika, ujue kasoro iko kwenye maungio.

Msomi wa Pangani
Mwalimu, 300 ukiigawanya kwa 190 hupati hata 2, na katika ukanda mwembamba namna hiyo karibu kila kipeo hunyoosha mstari. Usiyaamini macho. Kokotoa mteremko wa logi ya ukinzani dhidi ya logi ya halijoto, uondoe alama ya hasi, kisha uchore logi ya mteremko huo dhidi ya logi ya halijoto. Mteremko wa grafu hiyo utakupa kipeo bila wewe kukichagua mapema. Itakubidi ushuke chini zaidi, angalau uikaribie kelvini 77 ya naitrojeni yako.

Hata hivyo, shaka yangu kubwa iko kwenye swali lenyewe. De Boer na Verwey walionyesha mwaka 1937 kwamba oksidi hii ni kihami, ilhali nadharia ya kanda, isiyohesabu msukumano wa elektroni moja kwa moja, ilitarajia ipitishe umeme kwa kuwa ganda la d, tabaka la elektroni za nikeli, halijajaa. Maelezo ambayo Mott aliyaendeleza mwaka 1949 ni kwamba elektroni ikihamia kwenye atomi jirani hukuta nyingine pale, na gharama ya msukumano huo huizuia. Pengo la nishati linalotokea ni takriban elektronivolti 4, nalo joto la kelvini 300 lina elektronivolti 0.026 tu. Basi mkondo ulioupima umetoka wapi? Umetoka kwenye matundu, yaani nafasi za elektroni zinazopungua kwa sababu baadhi ya atomi za nikeli zimekosekana. Oksidi safi ni ya kijani. Kidonge chako kikiwa cheusi au kijivu, oksijeni imezidi. Umepima safari ya matundu hayo, si pengo la Mott. Ni sawa na mtu apime mwendo wa bodaboda zinazokwepa mashimo, kisha atangaze urefu wa milima ya Usambara.

Neno "au" katika kichwa chako nalo lina kasoro. Anderson alionyesha mwaka 1958 kwamba mvurugiko peke yake unaweza kuzifunga elektroni mahali pamoja, lakini kipeo cha -1/2, kilichoelezwa mwaka 1975, kinahitaji yote mawili: vituo vilivyotawanyika ovyo na elektroni zinazosukumana kutoka mbali. Andika kwamba umechunguza upitishaji wa matundu katika oksidi yenye upungufu wa nikeli, na kwamba kipeo hakijabainika. Pengo lenyewe hupimwa kwa mwanga.

Mwalimu wa Chumbageni
Nawashukuru sana. Kidonge ni kijivu kilichokolea, karibu cheusi. Nimekikausha, na ukinzani wake wa kelvini 300 umepanda takriban mara tatu, kwa hiyo grafu zote za awali nimezitoa. Hitimisho nimeliandika upya kama alivyoshauri Msomi na kulituma kwa msimamizi, ambaye bado hajajibu. Vipimo vipya nitavianza Jumamosi, mtaalamu wa ng'ombe akinibakizia naitrojeni.