Kumpima mdakaji kinda wa besiboli kwa gongo lake la kupigia mpira tu ni ujinga, leo nasema

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku, sijalala na nina hasira. Mods mkitaka kuuhamisha uzi hamisheni, ila msiufute.

Jana kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku Seattle tunaofuatilia Mariners, timu ya besiboli ya hapa, jamaa kaweka takwimu za mdakaji mmoja kinda (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira wa mrushaji), ana miaka 20, yuko timu ya chini kule Everett. Wastani wake wa kupiga ni .215, yaani katika zamu kumi za kupiga anafanikiwa kama mbili tu. Chini kaandika: "Galasa hili, liuzwe mapema." Haikupita dakika tano, dole gumba kumi na moja. Nikauliza, nani kati yenu amewahi kumwona dogo akicheza? Kimya. Mmoja tu ndiye aliyejibu, tena kwa kikaragosi cha kucheka.

Mimi nimemwona. Mara nne msimu huu, nimekaa nyuma kabisa ya wavu. Mara ya mwisho wapinzani walikuwa na mtu kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya kufunga pointi, anasubiri kosa dogo tu aingie. Mrushaji wetu akaachia mpira wa kuzama, ukagonga udongo mbele ya dogo. Hakuhangaika kuudaka. Aliangusha magoti yote mawili, akakunja mabega kama mtu aliyekumbatia mtungi, kidevu kifuani, mpira ukampiga kwenye kinga ya kifua, pu!, ukafia hapohapo mbele yake. Yule wa kituo cha tatu alishachomoka, akarudi mbio. Na mrushaji, kwa kuwa sasa anajua nyuma kuna ukuta, akarusha mpira uleule tena. Mpigaji akachapa hewa. Nionyesheni hilo limeandikwa wapi kwenye takwimu zenu.

Ni sawa na kumwita golikipa galasa kwa sababu hajafunga bao.

Halafu mnasahau haraka mno! Cal Raleigh huyu mnayevaa jezi yake alichaguliwa raundi ya tatu ya uteuzi wa chipukizi mwaka 2018. Alipopandishwa 2021 alicheza mechi 47, wastani .180, mipira miwili tu ndiyo iliyovuka ukuta wa uwanja, pigo kubwa kuliko yote. Aprili 2022 akarudishwa timu ya chini, Tacoma. Kwa vipimo vyenu huyo alikuwa wa kuuzwa kwa bei ya mitumba. Septemba mwaka huohuo ndiye aliyepiga mpira uliowapeleka Mariners kwenye mtoano, mara ya kwanza tangu 2001. Na 2025 kavusha ukuta mara 60, wakati rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Mliokuwa mnamtukana mko wapi? Mko humuhumu, mnamtukana mwingine.

Msiniambie huyo ni mmoja tu. Yadier Molina mwaka 2006 alipiga .216, na Cardinals wakabeba ubingwa yeye akiwa ndiye mdakaji wao. Alistaafu na glovu za dhahabu tisa, tuzo ya walinzi bora.

Upande wa pili, kumbukeni Jesús Montero. Januari 2012 Mariners walimtoa Michael Pineda, mrushaji kijana aliyetoka kung'ara, ili wampate huyo Montero kutoka Yankees, kisa gongo lake. Kudaka kwenyewe kulikuwa kwa mashaka, wenye macho walisema. Hakudumu kwenye udakaji, na hilo gongo nalo halikuonekana. Mwaka huohuo wa 2012 timu ikamchukua Mike Zunino, chaguo la tatu katika drafti nzima (huo uteuzi wa chipukizi, siyo drafti yetu ya vizibo vya soda), na Juni 2013 tayari yuko ligi kuu. Mwaka mmoja! Kufika 2015 wastani umeshuka hadi .174. Aliyeivisha ndizi kwa moto asilalamike zikiwa chachu. Zunino huyohuyo alikuja kuchaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi 2021 akiwa Tampa Bay, mipira 33 nje ya ukuta, na sisi tulishamwachia.

Mdakaji kila siku anajifunza warushaji wote wa timu, nani mkono unamchoka, nani akikasirika anapoteza shabaha. Anachuchumaa zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Ikifika Agosti miguu imekuwa magogo, halafu mnashangaa gongo limepoa.

Na hoja ya "anaibiwa vituo sana" (mkimbiaji kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila mpira kupigwa) mnaiimba bila kufikiri. Kutoka kwa mdakaji hadi kituo cha pili ni karibu mita 39, na wazuri wanaufikisha mpira kwa sekunde mbili hivi. Mrushaji akizubaa, hata mkono wa chuma hauokoi. Tena 2023 ligi kuu walitanua vituo na kumbana mrushaji asimtishie mkimbiaji kila saa. Wizi ukapanda kutoka 2,486 mwaka uliotangulia hadi 3,503. Wadakaji wote wakageuka galasa kwa mwaka mmoja?

Nanyi wa takwimu za kompyuta msicheke. Mliotushindilia miaka yote kwamba udakaji ni ule ufundi wa kuupokea mpira hadi mwamuzi adhani ni straiki (mpira halali, mpigaji anahesabiwa kosa), kuanzia 2026 uamuzi unaweza kupingwa, mashine ikasema ukweli. Mdakaji mwenyewe ni mmoja wa watu watatu wanaoruhusiwa kugonga kofia na kupinga, na timu inaanza mechi na nafasi mbili tu. Kwa hiyo sasa kinda apimwe pia kwa jicho na kwa kujizuia. Nani kaliweka hilo kwenye orodha zake?

Mkuu uliyeandika "galasa", unajijua. Jumamosi naenda tena Everett, gari lina nafasi mbili, mafuta juu yangu. Njoo na jaketi, kule jioni kunapiga baridi hata Juni.