Msanii anataka nguo zenye jina lake: kiwanda kinadai oda ya fulana 500

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Msanii ninayemsimamia anataka kuanzisha nguo zake, si fulana za kuuza mlangoni siku ya shoo tu. Kiwanda kinadai oda ya fulana 500. Kuna kampuni pia iko tayari kugharamia yote, mradi jina liandikishwe kwao. Tushike lipi?

Mkasi: Jina msiliachie, mkuu. Kwanza hakikisheni limeandikishwa kwa nguo: kwenye uainishaji wa Nice (orodha ya kimataifa ya madaraja ya alama za biashara) burudani ni daraja la 41, nguo na viatu ni la 25, na moja halilindi jingine. Kampuni ipeni leseni tu, yenye miaka, nchi, aina ya nguo, mrabaha, na haki ya msanii kukataa sampuli. Rapa Sean Combs (Diddy) aliianzisha Sean John, kampuni yake ya nguo, mwaka 1998, akauza hisa nyingi 2016. Mwaka 2021 ilimbidi ainunue upya, dola milioni 7.5, baada ya mmiliki kufilisika.

Pindo: 500 ni nyingi mno kwa kuanzia. Tafuteni kiwanda kitakachokubali 120: rangi mbili, kila rangi S 10, M 20, L 20, XL 10. Pamba iwe ya gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Ikiwa nyepesi sana, mwili unaonekana.

Kabla ya kukata, chora mraba wa sm 50 kwenye kitambaa, fua na kukausha mara tatu, kisha pima. Ukisinyaa sm 2.5, hiyo ni asilimia 5: fulana ya sm 72 itabaki sm 68 na kitu. Hapo ongezeni urefu kwenye kiolezo cha kukatia, au dai kitambaa kilichosinyazwa tayari. Hili ndilo huwaharibia wengi, maana sampuli haijafuliwa inapendeza sana!

Picha au maandishi yaliyochapwa kwenye fulana nayo yavutwe kwa mikono kuona kama yatapasuka. Wino wa plastisoli (wino wa plastiki wa kuchapia nguo) huiva kwenye joto la nyuzi 160 za Selsiasi hivi. Ukiiva juu tu, utapasuka.

Mleta uzi: Na kupokea oda kabla ya kushona?

Mkasi: Sawa, ila sampuli iwe imeshafuliwa na kukubaliwa. Bei iwe ambayo mashabiki mlionao wataimudu. Fenty ya mwanamuziki Rihanna na LVMH (kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari), nguo za bei ghali, ilizinduliwa Mei 2019 ikasitishwa Februari 2021. Savage X Fenty, nguo zake za ndani za bei nafuu zaidi, iliendelea.