Kisa cha Niall na ajuza wa kisimani: ni historia au ni hoja ya ukoo?

Msomaji wa Mkomani, Lamu
Assalaam aleikum. Nimesoma kisa cha Niall, mfalme wa kale wa Ireland anayewekwa katika karne ya 5. Akiwa windoni na ndugu zake wanne wa baba mmoja, walishikwa na kiu, na kila aliyefika kisimani alimkuta ajuza wa kutisha aliyedai busu kabla ya kutoa maji. Niall alimkumbatia, na papo hapo ajuza akageuka mwanamwali, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Ufalme. Maadamu kisa hiki kimetufikia kwa maandishi ya karne ya 11, je, kina lolote la kuaminika?

Maalim wa Langoni
Waaleikum salaam. Kuhusu Niall ni machache. Kuhusu waliokitunga ni mengi. Ukoo wa Uí Néill, uliojinasibisha naye, ndio uliodai enzi ya Tara, kilima kilichokuwa alama ya ufalme mkuu wa Ireland, kwa karne nyingi. Kisa hicho kwa ushairi ni cha Cúán ua Lothcháin, aliyefariki mwaka 1024, mshairi wa Máel Sechnaill, yule mfalme wa Uí Néill aliyepokonywa ukuu na Brian Bóruma mwaka 1002. Sasa rudi kisimani umtazame Fiachrae, nduguye Niall: alimgusa ajuza kwa busu jepesi, akaahidiwa kuwa wawili wa kizazi chake watatawala Tara. Nao wanaohesabiwa kutoka kizazi hicho ni wawili, Nath Í na Ailill Molt. Busu lile lilipimwa kwa orodha ya wafalme!

Bint Malindi
Maalim, upande wa Brian nao haukulala. Ukoo wake, Dál Cais, ulikuwa mdogo huko Munster, kusini mwa Ireland, ambako watawala walikuwa ukoo wa Eóganachta wa Cashel. Ulipopata nguvu katika karne ya 10, wanasaba waliupachika babu, Cormac Cas, wakamfanya ndugu wa Eógan, babu wa hao Eóganachta. Brian aliuawa katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka 1014, na mapema karne ya 12, enzi ya kitukuu chake Muirchertach, kikaandikwa kitabu cha Cogad Gáedel re Gallaib, yaani Vita vya Wagaeli na Wageni, kinachomtukuza Brian kana kwamba Waviking hawakupata mpinzani mwingine wa maana, ilhali Máel Sechnaill alikwishawashinda wale wa Dublin pale Tara mwaka 980.

Msomaji wa Mkomani, Lamu
Shukran. Hata habari za Pate alizosimulia Bwana Kitini huwaleta Wanabahani, ukoo uliotawala kisiwa hicho, kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 13, tarehe ambayo wanahistoria wameitilia shaka. Basi na jina la O'Neill, nalo linatokana na Niall huyo wa kisimani?

Maalim wa Langoni
La, ndugu yangu. Linatokana na Niall Glúndub, mfalme wa Uí Néill aliyeuawa akipigana na Waviking wa Dublin mwaka 919. Kifo chake kimo katika kumbukumbu za miaka zilizoandikwa na watawa, kwa hiyo huyo hahitaji kisima.