CB350 ya 1972: nimefunga kabureta za VM30, ikipita nusu akseleta inazama

MpwaWaMjomba, Nairobi

Wazee, salamu. Nina Honda CB350 ya 1972, ile ya silinda mbili, niliyoachiwa na mjomba. Kabureta zake za kiwandani, Keihin, zile zenye kiwambo cha raba juu ya slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka kuachia hewa), viwambo vyote vimepasuka. Bei ya vizima ilinichosha, nikaagiza jozi mpya ya Mikuni VM30 kupitia binamu aliye Marekani. Zimekuja na jeti kubwa (tundu la mafuta, namba ikipanda mafuta yanazidi) namba 130 na filta za sponji za kuchomeka nyuma ya kila kabureta. Boksi la zamani la filta nimelitoa.

Inawaka bila ubishi, slow (injini ikiunguruma bila akseleta) iko sawa. Lakini akseleta ikipita nusu inaguguma, inazama, haipandi. Nikiachilia ghafla, bomba la kulia linapiga mafataki na injini inakawia kushuka. Plagi ya kushoto nyeusi tii, masizi makavu. Ya kulia ina masizi pia, ila ukingoni kuna weupe. Fundi mmoja pale Grogan ameniambia nipande hadi 140 kwa sababu filta ziko wazi. Nimfuate?

Fundi_wa_Majengo, Mombasa

Mwanangu, usimfuate. Plagi imeshakwambia mafuta yamezidi, sasa unaongeza ya nini? Hiyo habari ya filta wazi jeti kubwa ina ukweli wake, lakini ni ya kwetu huku pwani. Wewe uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na VM haijui kuwa imepandishwa mlima, inamimina mafuta kama vile iko Likoni. Nimepeleka pikipiki za wateja Nairobi kwa barabara. Voi inaimba, Mtito Andei bado inaimba, ukifika Emali inaanza kununa, na Athi River umepanda punda.

Shuka hadi 120. Halafu fungua kifuniko cha juu, toa slaidi, tazama sindano inayoning'inia humo. Ina vijikato vitano vya kuvalisha klipu. Ikiwa klipu iko kijikato cha katikati, ipandishe kimoja. Klipu ikipanda, sindano inashuka, na mafuta yanapungua kuanzia robo ya akseleta hadi robo tatu, hapo hapo unapozama. Juu ya hapo ni kazi ya jeti kubwa. Jeti ndogo na ile skrubu ya hewa ya ubavuni ziache kwanza, slow si umesema iko sawa?

Upande wa kulia ni kesi nyingine. Weupe kwenye plagi, mafataki ukiachilia, injini kukawia kushuka: hiyo inavuta hewa ya wizi. Washa, iache slow, chukua ile chupa ya kupulizia maji ya kinyozi, nyunyizia raba inayoshika kabureta kwenye kichwa cha injini. Mlio ukibadilika, kuna ufa. Maji, mwanangu. Wako wanaonyunyizia petroli kwenye injini ya moto, nami nimeona nyusi za mtu zikiondoka.

KeihinDamu, Thika

Mimi ningebaki na Keihin. Slaidi yake inapandishwa na mvuto wa injini yenyewe, si mkono wako, ndiyo maana hata ukikurupuka na akseleta haisongwi. Viwambo vya kuiga vipo siku hizi. Na kabla ya jeti yoyote pima valvu: ya kuingiza 0.05 mm, ya kutolea 0.10, injini ikiwa baridi. Kisha pointi, zile za kukatia umeme wa plagi. Moto ukiwa mbovu utalaumu kabureta mpaka kiama.

Fundi_wa_Majengo

Ya valvu na pointi nakuunga mkono. Ya viwambo vya kuiga, hapana. Vingine raba yake ni ngumu, slaidi inapanda kwa uvivu.

MpwaWaMjomba

Raba ya kulia ina ufa chini, huuoni mpaka uikunje. Nimebadilisha zote mbili, jeti 120, klipu juu kijikato kimoja. Valvu na pointi ziko sawa. Jana Thika Road imepanda hadi mwisho bila kuguguma, mafataki kwisha, plagi zote kahawia hafifu. Sasa limebaki hili: nikikata usukani kushoto, slow inapanda yenyewe. Na nikianza kuvuta akseleta, silinda moja ni kama inaitangulia mwenzake.

Fundi_wa_Majengo

La usukani ni waya wa akseleta. Unabanwa shingoni mwa fremu, ukikata kona unavutwa. Upitishe upande mwingine, na kila waya uwe na ulegevu wa kama milimita moja pale juu ya kabureta.

La pili: zima injini, vua filta. Tafuta biti mbili za drili za unene mmoja, chomeka moja chini ya kila slaidi, slaidi izishike. Vuta akseleta polepole. Zinatakiwa zianguke pamoja. Ile inayoanguka kwanza, legeza waya wa kabureta yake kwa skrubu ya juu, rudia. Masikio yako pekee hayatoshi kwa kazi hii, hata yangu hayatoshi.

Na hizo sponji zipake oili ya filta kabla hujaenda nazo Kitengela. Zikiwa kavu vumbi linapita lote.

MpwaWaMjomba

Shukran mzee. Biti za milimita tatu ninazo. Naanza na waya.