Heroe wa Natron wanatoka weusi, anga jeupe: nirekebishe wapi?

Mwana_Shata
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Napiga heroe (flamingo) wakiwa wanaruka, Ziwa Natron upande wa Ngare Sero, saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Anga la kule ni jeupe kwa vumbi na utusitusi, na chini ni magadi meupe. Kamera ni ya sensa ya APS-C, lenzi 150–600mm. Natumia modi ya A (mimi nachagua tundu la lenzi, kamera inachagua shata), tundu f/6.3, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) otomatiki, kupima mwanga kwa fremu nzima, faili RAW (data ghafi ya sensa).

Ndege anatoka kama amekatwa kwenye karatasi nyeusi, na anga lenyewe linakuwa la kijivu. Nikiweka fidia ya mwanga ya stopu +1.7 (kila stopu moja ni mwanga maradufu) anakaa vizuri, lakini huyohuyo akipita mbele ya mlima Gelai anaungua, yaani anakuwa mweupe kupita kiasi. Nataka ile picha ya mandharinyuma meupe kabisa na ndege mwenye rangi zake. Je, kuna njia isiyonilazimu kuzungusha gurudumu kila sekunde?

JichoLaUpembe
Hiyo A na ISO otomatiki ndizo zinazokuponza, mkuu. Heroe anachukua kipande kidogo tu cha fremu, kwa hiyo kamera inapima kilicho nyuma yake. Ikiona anga jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza hadi anga liwe kijivu, na ndege anazama gizani. Ikiona mlima mweusi inaongeza. Ilhali mwanga unaomwangukia ndege haujabadilika hata kidogo kati ya fremu hizo mbili.

Nenda M (kila kitu unapanga mwenyewe), na ISO uifunge. Anza na 1/2000, f/6.3, ISO 1000. Badili upimaji uwe wa nukta, elekeza kwenye anga pale ndege wanapopita, mbali na jua, kisha zungusha shata mpaka kipimo kisome +2. Ikiwa shata imeshuka chini ya 1/1600, ipandishe ISO, usiiache shata ilegee, maana ncha za mbawa zitafifia. Piga fremu moja ya anga tupu na uangalie histogramu (grafu ya mwanga, giza kushoto, weupe kulia): kilima kikae karibu na ukingo wa kulia bila kuugonga. Baada ya hapo usiguse kitu. Apite mbele ya anga, apite mbele ya Gelai, ndege atatoka vilevile.

Usiogope alama za kupepesa (za sehemu zilizoungua) angani kwenye skrini, kwani weupe ndio unaoutafuta. Zikiingia shingoni au mgongoni mwa ndege, punguza theluthi moja ya stopu. Ule mstari mwembamba wa jua pembeni mwa mwili uache uungue tu.

Bi_Histogramu
Nakubaliana na M, ila pana shimo hapo. "Mwanga haujabadilika" ni kweli kama ndege yuko upande uleule wa jua. Asubuhi, ukiwa Ngare Sero, ziwa liko mashariki yako, kwa hiyo unapiga kuelekea jua na upande wa ndege unaouona ni wa kivulini. Akikuzunguka akaingia magharibi yako, jua linampiga usoni, na mpangilio wa +2 utamchoma kwa stopu mbili au zaidi. Ndiyo maana tunahifadhi mipangilio miwili kwenye C1 na C2, nafasi za kumbukumbu za kamera:

C1, jua likiwa nyuma ya ndege: 1/2000, f/6.3, ISO 1000.
C2, jua likiwa nyuma yako: 1/3200, f/7.1, ISO 400.

C2 imekaa theluthi mbili za stopu chini ya kanuni ya f/16 ya jua kali (kwa f/16, shata iwe moja chini ya namba ya ISO), kwa sababu ndege huyu ni wa rangi ya mwanga. Hapo angalia histogramu ya rangi tatu, usitegemee ile moja nyeupe. Manyoya mekundu ya bawa huunguza chaneli nyekundu mapema, wakati ile ya jumla bado inaonyesha usalama. Wekundu ukishaungua unageuka bapa la waridi lisilo na mistari ya manyoya, na hakuna programu itakayoirudisha.

Magadi_na_Mbawa
Wenzangu wamemaliza habari ya namba. Mimi naona nusu ya kazi ni kuchagua ndege yupi. Anayeruka juu sana tumbo lake halina mwanga wowote ila wa vumbi. Anayepita chini juu ya ukoko mkavu wa magadi anaangaziwa kutoka chini, na kivuli cha tumbo na chini ya mbawa kinapungua sana. Juu ya maji yenye tope faida hiyo haipo. Kwa hiyo subiri wanaopita chini, juu ya sehemu nyeupe. Picha ya namna hiyo ukiinua sehemu za giza kwa stopu moja inatosha. Ukilazimika kuinua tatu, chengachenga zitajaa kwenye manyoya meusi ya mbawa.

Fokasi: AF-C (inayomfuata ndege mfululizo), na eneo dogo la nukta, si fremu nzima. Kwenye 600mm, f/6.3, ndege akiwa mita 20, kina kilicho wazi (mbele hadi nyuma, sehemu inayotoka kali) ni kama sm 28 tu, na heroe mdogo ana mbawa za karibu mita moja. Kamera ikishika ncha ya bawa la karibu, jicho limekwenda. Akiwa mita 40 unapata kama mita 1.1, ambayo inasamehe mengi. Lenga pale shingo inapoungana na mwili.

Halafu saa. Kuanzia kama saa 3 hewa juu ya magadi inaanza kuchezacheza, na ndege wa mita 150 atatoka laini hata kwa 1/4000. Watu wanalaumu lenzi bure. Dawa ni umbali mfupi au kuacha kupiga.

Na tafadhali usiwakimbize ili waruke. Heroe hukimbia majini dhidi ya upepo kabla ya kunyanyuka, kwa hiyo kaa mahali ambapo upepo unatoka mgongoni kwako, watakuja upande wako wenyewe. Natron ndilo ziwa pekee Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa kawaida, waachwe na nafasi yao.

Mwana_Shata
Asanteni sana. Bi Histogramu, kuna siku nalazimika kutuma JPEG moja kwa moja. Ile +2 ibaki?

Bi_Histogramu
Shusha iwe kama +1.3 kwenye anga, na upunguze kontrasti ya kamera. RAW ina akiba kidogo juu ya kile histogramu inachoonyesha, JPEG haina. Ukichapisha, acha anga kwenye 250 hivi, si 255 (weupe kamili), la sivyo hapo printa haitaweka wino kabisa na ukingo wa picha utapotelea kwenye karatasi.

Magadi_na_Mbawa
Nimesahau moja: usibadilishe lenzi ukiwa kwenye magadi. Vumbi lile ukilifuta kwa kitambaa linakwaruza kioo. Lipulize kwanza kwa pampu ya mpira, kisha ndipo ufute.